Shokapu za Antipasi

Mjini Itigi, mtu abebaye asali kwa pikipiki hupimwa kwa jambo moja tu: kama ndoo zake hufika zikiwa na vifuniko vyake, safi kwa nje kama zilivyopakiwa. Antipasi Mughwai alikuwa amepimwa kwa kipimo hicho miaka tisa, na kwa miaka yote hiyo hakuwa amemwaga hata kijiko kimoja.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, mrefu, mchache wa maneno. Alizaliwa upande wa Ikungi, akaja Itigi akiwa kijana kufuata kibarua cha reli, na kibarua kilipokwisha akabaki. Kikundi cha warina asali chenye wanachama kumi na wanane kilimkabidhi kazi ya kutoa asali kambini, ndani kabisa ya vichaka, na kuifikisha kwenye ghala lililo karibu na stesheni. Njia yenyewe ni kilometa thelathini na mbili za mchanga, mizizi na kona zisizoonyesha kilicho mbele. Asali ni nzito kuliko maji. Ndoo ya maji ambayo mtu huinyanyua kwa mkono mmoja, ikijazwa asali huhitaji mikono miwili, naye alibeba ndoo nne kwa safari moja, mbili kila upande wa keria.

Watu walidhani siri yake ni mwendo wa polepole. Haikuwa hiyo. Kila alipomaliza kupakia, Antipasi alichuchumaa nyuma ya pikipiki, akatoa spana yenye mdomo wa ndoano, akazungusha ile pete ya chuma iliyo chini ya springi ya kila shokapu, kile kifaa kinachotuliza mtikisiko wa gurudumu la nyuma, mpaka ngazi ya tano. Akishashusha mzigo ghalani, alichuchumaa tena na kuirudisha ngazi ya pili. Mara mbili kwa siku, siku zote za kazi, kulia na kushoto sawasawa.

Waendesha bodaboda wengi wa Itigi hawajawahi kuigusa pete hiyo tangu walipotoa pikipiki dukani. Wakiona mzigo umekuwa mkubwa, huongeza upepo kwenye tairi na kumwachia Mungu. Walimcheka.

"Mzee, unaitekenya?"

"Ananong'ona nayo huyo. Anaiuliza imelalaje."

Antipasi alicheka pamoja nao na kuendelea kuzungusha. Wao husema kukaza springi ni kuifanya iwe ngumu, lakini yeye alijua kwamba springi hubaki ile ile. Kinachobadilika ni kimo cha nyuma. Ukipakia mzigo na kuiacha pete chini, nyuma hudidimia, gurudumu la mbele hubaki jepesi, usukani huwa kama umeshikwa na mtu mwingine. Kwenye mchanga gurudumu hilo huelea, na kona huwa pana kuliko ulivyoikusudia. Ukiiacha pete juu ilhali huna mzigo, nyuma husimama kama mkia wa ng'e, uzito wote huangukia mbele, usukani hugeuka kwa haraka kupita kiasi, na kila shimo hukutupa kutoka kwenye kiti. Kwa hiyo alibadilisha, kama mtu anavyobadilisha nguo za shambani na za kanisani.

Mtu mmoja tu hakumcheka: Alphonce, fundi mwenye gereji mkabala na ghala. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndoa ya Antipasi, na ndiye aliyeshika mshumaa siku alipobatizwa Faith, binti wa Antipasi. Kila shokapu ilipochoka, Alphonce aliagiza jozi halisi kutoka Singida mjini, na mara ya mwisho, miaka minne iliyopita, walizifunga wote wawili Jumapili nzima.

Mwezi wa nne Antipasi alishikwa na homa ya matumbo. Alilala wiki tano. Kulikuwa na siku ambazo hakumtambua hata mkewe Martha. Alphonce alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. Akamwambia Martha kwamba pikipiki isiachwe uani kwa wezi, akaisukuma mwenyewe mpaka gereji kwake.

Homa ilipoondoka ilimwacha Antipasi na miguu kama mabua. Alipokwenda kuchukua pikipiki alikuta imeoshwa, mnyororo umepakwa grisi, hata shokapu zimepulizwa rangi nyeusi mpya.

"Nimekupendezesha, ndugu yangu," Alphonce alisema, akimpigapiga begani. "Twende taratibu sasa. Mwili umetikiswa huo."

Siku ya kwanza kambini, pete zilikataa kuzunguka. Antipasi alivuta spana mpaka jasho likamtoka, ndipo zikajongea kwa kukwaruza. Alitazama mikono yake iliyokonda, akajiambia: nguvu zimekwenda na homa. Hakuwaza jambo jingine.

Safari ile pikipiki haikuwa yake. Kona za kushoto iliziingia vizuri. Za kulia ilisita, kisha ikazama ghafla. Ikipita kwenye mzizi haikutulia, bali ilipanda na kushuka mara tatu, nne, ndoo zikigongana. Alifika na kifuniko kimoja kimefunguka na asali imechuruzika mpaka kwenye tairi. Wiki iliyofuata, kwenye kona ya mchanga kabla ya kufika relini, nyuma ilijinyonga, usukani ukamponyoka, na mzee akaenda chini pamoja na ndoo nne. Mbili zilipasuka. Nyuki walifika kabla ya watu.

Habari ilikuwa imeshafika mjini kabla yake.

"Mzee Antipasi, leo umewarudishia wenyewe?"

"Nyuki wamesema ahsante, wanauliza kesho saa ngapi!"

Safari hii hakucheka. Aliyemwosha goti ni Alphonce. Alichemsha maji kwenye gereji yake, akasafisha kidonda kwa kitambaa, akakifunga, akaushika mkono wa rafiki yake katikati ya mikono yake miwili.

"Si kosa lako," alisema kwa sauti ya chini. "Ni umri, na yale maradhi. Mikono hufika mahali ikasema basi."

Jioni hiyo mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mnyoofu aitwaye Flora, alifika nyumbani kwa Antipasi. Alisalimia, akakaa, akanywa uji aliopewa, ndipo akasema.

"Baba Faith, hakuna anayekuchukia. Lakini asali ile ni ada za watoto wa watu. Kikao ni Jumamosi. Tutaamua kama utaendelea au tutafute mwingine."

"Nimeelewa, mwenyekiti."

"Hata Alphonce alituambia, tangu siku ulipochukua pikipiki kwake. Alisema mikono yako inatetemeka, kwamba tukuhurumie tukupumzishe. Naye ni mtu wako wa karibu."

Antipasi aliinamisha kichwa. Maneno yale yalimuuma, lakini aliyapokea kama dawa chungu inayotoka kwa mtu akupendaye. Usiku aliinyoosha mikono yake mbele ya taa na kuitazama. Haikutetemeka. Hata hivyo hakuiamini.

Ilikuwa Jumatano. Jumamosi wangemwondolea kazi ile ambayo jina lake lote lilisimama juu yake, na asingekuwa na la kujitetea, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameanza kusadiki kwamba wanasema kweli.

Alhamisi asubuhi, kwa kuwa hakuzoea kusadiki jambo ambalo hajalipima, alimwomba Martha futi yake ya kushonea.

"Unajishonea nini?" Martha aliuliza.

"Nataka kujua kama mwenye ugonjwa ni mimi au ni hii."

Walijaza ndoo nne mchanga na kuzipakia. Martha alishika futi kutoka kwenye nati ya gurudumu mpaka ukingo wa kiti, akasoma. Antipasi akabadilisha ngazi, Martha akasoma tena. Vimo havikutofautiana sana na alivyovijua. Kisha akashusha ndoo, akakibana kiti kwa uzito wake wote na kukiachia mara moja. Shokapu nzima hupanda mara moja na kutulia, kama mtu aliyesimama kuitika jina lake kisha akakaa. Hii ilipanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, na upande wa kulia kitu kikagonga ndani.

"Rudia," Martha alisema.

Akarudia. Ikacheza vile vile. Martha, ambaye hakuwahi kupanda pikipiki ila kama abiria, akakunja uso. "Hiyo si mikono yako, Baba Faith. Mikono yako umeiondoa kwenye kiti na yenyewe bado inaruka."

Alifungua shokapu zote mbili akaziweka juu ya gunia. Aliisimamisha ya kushoto na kuikandamiza: ilirudi polepole, kwa kujizuia. Aliikandamiza ya kulia: iliruka ikampiga kidevu. Mafuta yote yalikuwa yamekwisha ndani, imebaki springi tupu isiyo na wa kuituliza. Akalowesha kitambaa kwa petroli akafuta ile rangi mpya. Chini yake palikuwa na alama ya mafuta yaliyovuja siku nyingi. Kisha akafuta pete.

Hapo alikaa chini.

Ngazi za pete zile zilikuwa na kutu ya miaka, kutu nene iliyokwanguliwa mahali pamoja tu, pale spana yake ilipopita katika majuma haya mawili. Kabla yake hazikuwahi kuzungushwa na mtu. Pete zake yeye, zilizozungushwa mara mbili kwa siku kwa miaka minne, zilikuwa zimesuguliwa mpaka zikawa nyeupe kama mgongo wa kijiko. Hapakuwa na jozi nyingine kama hiyo Itigi nzima, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyeizungusha. Na zile pete zilipokataa kugeuka siku ya kwanza, hazikukataa kwa unyonge wake. Zilikataa kwa sababu hazimjui.

"Mama Faith, hizi si zangu."

"Si zako vipi? Pikipiki ni ya nani?"

"Pikipiki ni yangu. Hizi si zangu."

Martha aliikunja futi. "Ilikuwa kwa nani ulipoumwa?" aliuliza, ingawa ni yeye aliyefungua geti siku ile na kushukuru.

Antipasi aliokota spana. Alizirudisha shokapu zile mbovu mahali pake, kwa kuwa hakuwa na nyingine, akaiendesha pikipiki mpaka sokoni kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, akitafuta pete zake kwenye pikipiki za watu. Hakulazimika kutafuta sana. Kwenye kivuli cha maduka yanayotazama reli palisimama pikipiki ya Fredrick, mchukuzi wa magunia ya alizeti, ambaye dada yake ameolewa na Alphonce. Antipasi alichuchumaa nyuma ya pikipiki hiyo. Pete ziling'aa. Zilikuwa ngazi ya tano, na pikipiki haikuwa na mzigo wowote.

"Shikamoo, mzee," Fredrick alisema, akitoka dukani na soda mkononi. "Unatafuta nini huko chini?"

"Marahaba. Nasalimia." Akamtazama. "Hii inakurusha ukiwa mtupu?"

"Acha, mzee! Mpaka kiuno kinalia. Usukani nao mwepesi, nikikohoa umeshakata kona. Lakini shokapu zenyewe ni za uhakika, shemeji Alphonce alinifungia mwezi wa nne. Alisema zilikuwa za marehemu mmoja, mtunzaji kweli kweli."

"Marehemu gani?"

"Hakunitajia."

Kijana yule hakuwa anajua lolote. Uso wake haukuwa na hila hata kidogo. Antipasi alitoa spana mfukoni. Aliishika pete ya kulia, nayo ikageuka kwa mkono mmoja, laini, bila ukwaruzo, kama mlango wa nyumba yake mwenyewe. Aliiteremsha mpaka ngazi ya pili, kisha ya kushoto.

"Jaribu sasa," alisema.

Fredrick alizunguka mpaka stesheni na kurudi akicheka. "Mzee! Imekuwa kama godoro! Nikulipe nini?"

"Usinilipe. Ukipakia, ipandishe tena."

Akageuza pikipiki yake kuelekea gereji.

Alphonce alikuwa amelala chini ya injini, miguu nje. Antipasi alisimama juu ya miguu ile.

"Alphonce. Marehemu amefuata vitu vyake."

Miguu ilitulia. Alphonce alijivuta nje polepole, akakaa, akajifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Nani amekuambia?"

"Pete."

"Pete," Alphonce alirudia, akatoa sauti iliyofanana na kicheko lakini haikuwa kicheko. "Na mimi ndiye pekee sikukucheka."

"Ndiyo. Wewe pekee."

"Sikiliza, ndugu yangu. Siku ile nilipokuja, uliniita kwa jina la baba yako. Nilitoka pale nikijua sitakukuta tena. Fredrick alikuwa ananisumbua, shokapu zake zimekufa. Nikasema, zile zimekaa tu, mwenyewe ndiyo anakwenda. Sikukuibia ukiwa mzima, Antipasi. Nilidhani hutapona."

"Nikapona."

"Ukapona." Alphonce alitazama sakafu. "Ukaja unatembea na fimbo. Ningesema nini?"

"Ungesema, 'Nilidhani umekufa.' Ningecheka. Ningekupa hata nafasi ya kuzirudisha baada ya mwezi." Sauti ya Antipasi haikupanda. "Badala yake ukapaka rangi. Nikaanguka, ukaniosha goti. Ukaushika mkono wangu ukauambia umechoka. Nawe ulikuwa umeshakwenda kwa Flora ukamwambia hivyo hivyo, tangu siku niliyochukua pikipiki, kabla sijamwaga hata tone. Ulijua nitamwaga."

Alphonce alichungulia mlangoni kuona kama kuna mtu. Baadaye kidogo alisema kwa haraka, kama mtu anayesukuma kitu ndani ya mkono wa mwenzake pasipo watu kuona:

"Nitazirudisha leo hii. Jumamosi waambie tu umepata nafuu, mikono imerudi. Watakuelewa, wanakupenda. Nami nina wateja humo, nina watoto. Tumalize wawili sisi."

"Nikisema mikono imerudi," Antipasi alisema, "nimekubali kwamba iliondoka."

Alisubiri pale pale mpaka Fredrick alipoitwa na shokapu kufunguliwa. Alphonce alinyoosha mkono amfungie. Antipasi alichukua bolti kutoka kwenye kiganja chake, akafunga mwenyewe.

Siku ya Jumamosi, chini ya paa la ghala, wanachama kumi na wanane walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Antipasi aliziweka zile shokapu za kutu sakafuni, akamwomba mwenyekiti aikandamize ya kulia kisha aiachie. Iliruka ikamkosa Flora pua kidogo tu.

"Hii ndiyo mikono iliyokuwa inatetemeka," Antipasi alisema. "Niliwekewa nilipokuwa kitandani. Zangu alipewa mtu mwingine. Aliyefanya hivyo ni Alphonce, na amekiri mbele yangu."

Mzee Simeoni, mrina mkongwe kuliko wote, aliguna. "Ungekwenda naye pembeni, mwanangu. Huyo ni msimamizi wako wa ndoa. Mambo kama haya husemwa kwa sauti ndogo."

"Ya kwangu yalisemwa kwenu kwa sauti kubwa, mzee wangu. Sikuwa na namna."

"Na kwa nini hukugundua mapema?" Flora aliuliza, si kwa ukali. "Wewe unayeijua pikipiki kuliko sisi sote?"

Antipasi alizitazama zile shokapu za sakafuni. "Nilimwamini yeye kuliko nilivyoiamini mikono yangu."

Hawakupiga kura. Flora alisema Jumatatu kuna ndoo kumi na mbili kambini, akageukia ajenda ya mizinga.

Jumatatu alipita ile kona ya mchanga akiwa na ndoo nne, ngazi ya tano. Gurudumu la mbele lilikamata, nyuma ilizama kiasi chake na kuinuka mara moja. Vifuniko vilibaki vikavu. Mabaki ya asali yalikuwa bado yameganda kwenye mchanga kama lami, na siafu wamejipanga juu yake. Aliyatazama kwa pembe ya jicho akapita. Furaha aliyoingojea haikuja. Kilichokuwapo ni kazi iliyofanyika sawasawa.

Mwisho wa mwezi ule sili ya shokapu ya mbele, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, ilianza kutoa jasho la mafuta. Kazi ile haitaki mtu mmoja; mmoja huvuta, mwingine hushikilia. Gereji ya Alphonce ilikuwa wazi, na redio ikisikika. Antipasi aliipita bila kupunguza mwendo, akavuka reli, akaenda kwa Miraji, fundi mgeni aliyefungua kibanda upande wa pili tangu mwaka jana, mtu mtaratibu mwenye zana zake zimepangwa juu ya turubai safi.

"Shikamoo, mzee. Sili hiyo. Saa moja tu," Miraji alisema. Akavuta kiti cha plastiki, akakifuta vumbi, akakiweka kwenye kivuli cha ukuta. "Kaa hapa upumzike, nitakuita."

"Marahaba. Nitasimama."

"Jua hili, mzee? Kaa bwana. Au huniamini?"

"Sijasema hivyo, mwanangu."

Miraji alicheka, akainama kwenye kazi. Alifungua bolti ya kwanza, akaiweka kwenye kopo. Antipasi alisogea hatua moja, jua likimchoma shingoni, akaitazama mikono ya yule fundi ikienda na kurudi, na hakuyaondoa macho yake hapo mpaka kazi ilipokwisha.